Kijiji cha watu 240, meya mmoja, na taka ambazo si zake

Swali limetoka kwa dada mmoja wa Tanga aliyeolewa Auvergne, katikati ya Ufaransa. Ninalifupisha: "Tumehamia kijiji cha watu 240. Kina meya, kina bendera, na ofisi inafunguliwa Jumanne alasiri na Ijumaa asubuhi basi. Taka hazikuchukuliwa wiki mbili. Nilipokwenda kulalamika nikaambiwa si kazi yao. Maji yalipokatika, nikaambiwa nipige simu kwingine. Lakini paa la kanisa, ambalo padri anakuja mara moja kwa mwezi, ndilo wanalohangaika nalo tangu mwaka juzi. Huyu meya kazi yake hasa ni ipi? Na kwa nini serikali haiviunganishi vijiji hivi vikawa kimoja chenye nguvu?"

Dada yangu, umemuuliza mtu wa upande wa pili wa dirisha. Mimi ni mtoto wa Kigoma, lakini kwa miaka mingi nimekuwa katibu wa ofisi kama hiyo hiyo. Ofisi tatu, kwa kweli, maana hakuna kijiji hata kimoja kati ya vitatu vyangu kinachoweza kunilipa wiki nzima. Ukikuta mlango umefungwa siku ya Jumatano, ujue katibu yuko kijiji cha jirani anaandika muhtasari wa kikao cha jana usiku.

Nianze na jibu lenyewe. Kisheria, meya wako ana karibu mamlaka yote aliyonayo meya wa jiji kubwa kama Lyon. Asichokuwa nacho ni watu wa kufanya kazi na fedha za kuwalipa. Kwa hiyo mambo yanayohitaji malori, mabomba na mafundi wengi yamepandishwa ngazi ya juu, kwenye umoja wa vijiji, na yale yanayohitaji sahihi, jicho na ufunguo yamebaki kwake. Taka zina lori. Kanisa lina ufunguo, na ufunguo uko kwenye droo ya ofisi.

Hicho unachokiita kijiji kwa Kifaransa ni "commune", tuseme komuni. Usikilinganishe na kijiji cha kwetu chenye mtendaji aliyeajiriwa na halmashauri ya wilaya, wala na komuni ya Burundi au ya Kinshasa yenye malaki ya watu. Ufaransa ina komuni karibu 35,000. Zaidi ya nusu zina watu chini ya 500, na saba katika kila kumi hazifikishi 1,000. Kila moja ina baraza lake la madiwani, bajeti yake, mali zake, na haki ya kushtaki na kushtakiwa. Kijiji chenu, kwa kuwa kiko kati ya watu 100 na 499, kina madiwani 11. Kipindi chao ni miaka sita. Madiwani hao ndio wanaomchagua meya kutoka miongoni mwao, kwa kura ya siri, katika kikao cha kwanza. Wananchi hawampigii kura moja kwa moja.

Zamani, katika komuni zilizo chini ya watu 1,000, mpiga kura alikuwa anapewa karatasi ya majina na kalamu anaruhusiwa kuitumia: kata huyu, ongeza yule. Wafaransa walikuwa wanauita mchezo huo kulenga njiwa, na njiwa aliyelengwa zaidi alikuwa meya anayemaliza muda, maana ndiye aliyekataa kibali cha banda lako au aliyemwambia mbwa wako afungwe. Sheria ya Mei 2025 imeufuta. Kuanzia uchaguzi wa Machi 2026 hata vijiji vidogo vinapiga kura kwa orodha nzima, mwanamume na mwanamke wakipishana, na ukikata jina kura yako inaharibika. Orodha inaruhusiwa kupungukiwa na majina mawili, kwa sababu kuna vijiji ambako kupata watu 11 walio tayari ni kazi kuliko kupata kura zenyewe.

Sasa kofia za meya. Watanzania tumezoea kusikia habari za kofia mbili kwa wakubwa wa siasa. Meya wa Ufaransa huvaa kofia mbili tangu asubuhi, na ni muhimu ujue anakuongelesha akiwa amevaa ipi.

Ya kwanza ni ya mwakilishi wa dola. Hapo meya hana bosi kijijini. Anaandikisha vizazi, vifo na ndoa chini ya uangalizi wa mwendesha mashtaka wa serikali, na anatekeleza sheria za nchi chini ya prefe, ambaye ni kama mkuu wa mkoa wetu: anateuliwa na Rais, anakaa makao makuu ya departementi, yaani eneo lililo kati ya komuni na mkoa. Ndoa ni mfano mzuri, kwa kuwa inawagusa watu wetu wengi. Nchini Ufaransa ndoa inayotambulika ni ile inayofungwa na meya au naibu wake, mshipi wa rangi tatu begani. Padri au imamu anayezoea kufungisha ndoa kabla ya hiyo ya meya anaweza kushtakiwa. Nimeshaona wazee waliotoka Kongo wakishangaa kwamba mahari imetolewa, dua imesomwa, na bado serikali inawahesabu vijana kuwa hawajaoana.

Kofia ya pili ni ya mkuu wa komuni yenyewe: anatekeleza maamuzi ya baraza, anaajiri, anasaini mikataba, anashika barabara za kijiji, makaburi, shule ya msingi kama ipo (majengo ni ya komuni, walimu wanalipwa na serikali kuu), taa za barabarani na ukumbi wa sherehe. Juu ya hayo ana jukumu la usalama na usafi wa hadhara: mbwa wazururaji, ukuta unaotaka kuangukia barabara, kelele, vifusi vilivyotupwa msituni. Kazi hii inaonekana ndogo mpaka pale inapogeuka. Agosti 2019, katika mji mdogo wa Signes kusini mwa nchi, meya Jean-Mathieu Michel, mwenye umri wa miaka 76, aliwasimamisha watu waliokuwa wanamwaga vifusi kando ya barabara. Gari lao lilimgonga wakati wanaondoka, akafa papo hapo. Nchi nzima ilishtuka, na ndani ya mwaka huo huo ikapitishwa sheria iliyowapa mameya wa vijiji meno zaidi na posho kidogo zaidi. Kwa kijiji kama chenu posho hiyo ni euro elfu moja na kitu kwa mwezi kabla ya makato. Meya wako karibu hakika ana kazi nyingine, au ni mstaafu.

Taka, basi. Kila komuni ya Ufaransa, isipokuwa visiwa vichache sana, inalazimika kuwa mwanachama wa umoja. Kwa sehemu za mashambani unaitwa jumuiya ya komuni, na nchi nzima ina miungano ya aina hii, midogo na mikubwa, takriban 1,250. Sheria ya Agosti 2015 ilitaka kila mmoja uwe na angalau watu 15,000, ila milimani na penye watu wachache inaruhusiwa kushuka hadi 5,000. Ukusanyaji wa taka ni kazi ya lazima ya umoja huo, pamoja na mambo ya uchumi na kinga ya mafuriko. Kwa hiyo karani aliyekuambia si kazi yao alisema kweli, ingawa kweli tupu bila namba ya simu ni utovu wa adabu. Angalia karatasi ya kodi ya majengo ya nyumba yenu: mara nyingi kuna safu ya taka peke yake, na inayopokea ni ile jumuiya au chama cha taka ilichokiunda. Huko ndiko pa kupeleka malalamiko. Ila meya wenu anakaa katika baraza la jumuiya hiyo, kwa kuwa kila komuni, hata iwe ndogo vipi, ina angalau kiti kimoja. Mwandikie naye. Akiinuka pale akasema "raia wangu hawajachukuliwa taka wiki mbili," anasikilizwa kuliko simu zako kumi.

Maji ni kisa kirefu zaidi, na hapa sitamlaumu mtu yeyote kwa kuchanganyikiwa. Sheria ile ya 2015 ilitaka maji ya bomba na majitaka yaende kwenye jumuiya ifikapo 2020. Vijiji vya milimani vikapiga kelele: chemchemi ni yetu, babu zetu walichimba, tunauza maji kwa bei yetu. Tarehe ikasogezwa hadi 2026. Kisha Aprili 2025 Bunge likafuta ulazima wenyewe kwa zile komuni ambazo zilikuwa hazijakabidhi. Matokeo yake, leo katika bonde moja unaweza kukuta kijiji kinachoendesha maji yake chenyewe, cha pili kimo katika chama cha maji kilichoundwa na vijiji kadhaa, na cha tatu kimekabidhi jumuiya. Usimuulize jirani. Soma juu kabisa ya bili, jina lililoandikwa pale ndilo lenye bomba.

Nije kwenye paa la kanisa, maana hapo ndipo utaelewa komuni ndogo inavyopumua.

Desemba 1905 Ufaransa ilitenganisha dini na dola. Kanisa Katoliki lilikataa kuunda vyama ambavyo sheria ilivitaka vipokee majengo, kwa hiyo makanisa yaliyokuwapo wakati huo yakaangukia mikononi mwa komuni (makanisa makuu ya maaskofu yalibaki ya dola). Padri anatumia jengo bure. Mwenye jengo ni kijiji. Sheria haimlazimishi meya kulikarabati, inamruhusu tu. Lakini kipande cha vigae kikimdondokea mtu kichwani, anayefikishwa mahakamani ni komuni. Ndivyo baraza la watu wasiosali linavyojikuta likijadili mbao za mnara usiku wa manane.

Sasa fedha. Tuseme paa linagharimu euro 100,000 kabla ya kodi ya ongezeko la thamani. Bajeti ya komuni ina vyumba viwili ambavyo kila Mtanzania aliyewahi kuona bajeti ya halmashauri atavitambua: matumizi ya kawaida na miradi ya maendeleo. Vyote viwili lazima vilingane, mapato kwa matumizi, na kukopa kunaruhusiwa kwa maendeleo peke yake. Mapato ya kawaida ni kodi ya majengo na ardhi, kodi ya nyumba za mapumziko (ile ya nyumba ya kuishi ilifutwa kabisa mwaka 2023), pango la nyumba mbili tatu za kijiji, na ruzuku ya jumla kutoka serikali kuu. Ukitoa mshahara wa mfanyakazi wa mikono, siku zangu mimi katibu, umeme na chakula cha watoto shuleni, kinachobaki hakitengenezi paa.

Meya anaomba ruzuku basi: kwa prefe kuna mfuko maalumu wa komuni za mashambani, kisha kuna baraza la departementi, kisha la mkoa. Kila mmoja ana fomu yake na tarehe yake, na kosa la kifo ni kuanza kazi kabla ombi halijapokelewa, kwa sababu hapo umeshaikosa. Kwa kawaida komuni lazima itoe mfukoni mwake si chini ya asilimia 20. Kwa hiyo hata bahati ikicheka, ruzuku zitafika euro 80,000 na kijiji kitabeba 20,000. Tumemaliza? Hapana. Fundi anadai 120,000, kwa kuwa kuna kodi ya asilimia 20 juu. Serikali hurudisha sehemu kubwa ya kodi hiyo, asilimia 16.404 ya bili nzima, yaani karibu euro 19,685, lakini inairudisha mwaka mmoja au miwili baadaye. Na sehemu kubwa ya ruzuku hulipwa kazi ikishafanyika na hati zikionyeshwa. Kijiji cha watu 240 kinajikuta kimesimama katikati, paa limefunguliwa, fundi anataka chake, fedha ziko njiani. Tunakopa benki kwa muda mfupi ili kusubiri pesa za serikali. Ukisikia meya anazungumzia paa tangu mwaka juzi, usidhani amelala. Huenda miezi kumi na minane ya hiyo ilikuwa karatasi zangu.

Tena meya hana kitabu cha hundi. Yeye anaagiza malipo. Anayelipa ni mhasibu wa Hazina ya serikali, mtu mwingine, ofisi nyingine, ambaye ana haki ya kurudisha hati ikiwa haina sahihi au kifungu. Mimi binafsi nimewahi kurudishiwa bili ya vifaa vya kufanyia usafi kwa sababu ya tarakimu moja. Nililaani siku ile. Lakini nikikumbuka nilikotoka, utaratibu huu siuchezei.

Swali lako la mwisho ndilo zito: kwa nini wasiunganishwe?

Wamejaribu. Komuni zilianzishwa Desemba 1789, miezi michache baada ya kuvamiwa kwa gereza la Bastille, na kwa kiasi kikubwa zilifuata mipaka ya parokia za kale: mnara mmoja, kengele moja, komuni moja. Wakati ule ule walikuwapo waliotaka komuni kubwa, walishindwa. Sheria ya Aprili 1884 ikazipa zote, kubwa kwa ndogo, muundo mmoja, baraza lililochaguliwa na meya aliyechaguliwa na baraza. Tena kuna kituko hapa ninachokipenda: wakati kijiji cha watu mia kilikuwa na meya wake, Paris yenyewe haikuwa na meya kwa zaidi ya miaka 100, kwa kuwa serikali iliogopa mji ule. Ilimpata mwaka 1977.

Mwaka 1971 ilitoka sheria ya kuhimiza miungano. Vijiji vichache vikakubali, na baadhi vikaja kutengana tena. Tangu 2010 kuna njia mpya, ya hiari, na fedha za kutia moyo ziliongezwa 2015. Hapo hesabu ilishuka, kutoka zaidi ya 36,600 mwanzoni mwa 2015 hadi chini ya 35,000 mwaka 2019, kisha kasi ikapoa. Hata wakiungana, kijiji cha zamani huruhusiwa kubaki na naibu anayeitwa meya mkaimishwa, na ofisi yake ya kuandikisha vizazi na ndoa.

Watu husema ni mapenzi ya kijiji. Ni kweli, na anayetilia shaka aende karibu na Verdun, uwanja wa Vita Kuu ya Kwanza: kuna komuni sita ambazo vijiji vyake viliangamizwa na mizinga mwaka 1916, hazina mkazi hata mmoja hadi leo, na bado zipo kisheria, prefe akiziteulia watu watatu wa kuzisimamia. Lakini mapenzi peke yake hayaelezi kitu. Angalia Seneti, lile baraza la pili la Bunge. Maseneta huchaguliwa na wajumbe, na wengi wa wajumbe hao wanatoka mabaraza ya komuni. Komuni yenye madiwani 7 au 11 inatuma mjumbe mmoja, yenye 15 inatuma watatu. Mji mkubwa unatuma madiwani wake wote, na juu ya watu 30,000 unaongezewa mjumbe mmoja kwa kila watu 800. Kijiji cha watu 90 kina mjumbe mmoja kwa watu 90. Sasa nani katika Seneti atasimama kupendekeza kukifuta? Na mgombea urais anahitaji sahihi 500 za viongozi wa kuchaguliwa, wengi wao wakiwa mameya wa sehemu kama yako. Kila baada ya miaka mitano simu ya ofisi yetu, ambayo kwa kawaida inaulizia funguo za ukumbi, inaanza kupigwa na watu wa Paris wenye sauti laini.

Mimi naona, na wenzangu wengine hawakubaliani nami, kwamba hatari si udogo. Mayotte, kisiwa cha Ufaransa ng'ambo kidogo ya pwani yetu, inafuata sheria hizi hizi ikiwa na komuni 17 tu kwa watu zaidi ya laki tatu, na ukubwa haujazipunguzia matatizo. Hatari ni ofisi isiyo na katibu. Wazee wanastaafu, vijana hawataki kazi ya vipande vya siku katika vijiji vitatu, na meya mwema asiye na katibu ni dereva bila gari. Sheria ya Desemba 2023 ilijaribu kuipandisha hadhi kazi yetu, hata jina ikatuongezea. Gari langu bado linakunywa mafuta yale yale.

Wewe kama Mtanzania huna kura hapo. Raia wa nchi za Umoja wa Ulaya wanayo katika uchaguzi wa komuni, ila nao hawawezi kuwa meya wala naibu. Lakini vikao vya baraza ni vya wazi, angalau kimoja kila baada ya miezi mitatu, na tangazo hubandikwa mlangoni. Ingia, keti nyuma, sikiliza. Kusema huruhusiwi mpaka meya akufungulie. Mtu yeyote, raia au asiye raia, anaweza kuomba nakala ya mihtasari na ya bajeti. Na uamuzi ukikuumiza una miezi miwili ya kwenda mahakama ya utawala. Prefe naye anaukagua baada ya kutolewa. Tangu 1982 hana tena mamlaka ya kuuzuia kabla, akiona umevunja sheria anapeleka mahakamani kama wewe.

Kibali chako cha ukaazi usimpelekee meya, hicho ni cha prefe. Pasipoti na vitambulisho vya Wafaransa hutolewa katika ofisi zenye mashine ya alama za vidole tu, na yenu bila shaka haina. Mumeo aende mji wowote ulio nayo.

Ila uliandika mwishoni kwamba mama anataka kuja kutoka Tanga kukaa nanyi miezi miwili. Hapo ndipo utamhitaji meya yule yule. Ubalozi utamtaka mama alete hati ya mwenyeji, na hati hiyo huombwa na kusainiwa katika komuni yenu, kwa stempu ya euro 30. Nenda Ijumaa asubuhi, si Jumanne, maana Jumanne alasiri ofisi hujaa wakulima. Chukua kibali chako, hati ya nyumba au mkataba wa pango, bili ya karibuni, ushahidi wa mapato yenu, na namba ya pasipoti ya mama. Meya ataangalia kama nyumba ina nafasi. Mwalike aone chumba mwenyewe, na mkiwa mmesimama uani mtajie habari za taka.